Mti wa Chumbani kwa Bi Zulekha

Mmeniomba niwaandikieni namna ya kuiangalia Nyumba ya Mwandishi, nyinyi watatu mliopokea funguo zangu. Nadhani mlitaraji karatasi moja: mlango wa mbele husukumwa kwa bega, paka wasiingie, wageni wavue viatu. Hayo mnayajua. Nitakayoyaandika ni yale ambayo sikuwaambieni nilipokuwa nawafundisha, kwa sababu nilikuwa naogopa. Bado naogopa, lakini nshastaafu, hakuna tena wa kunifukuza kazi.

Kuhusu vyeo sina la kusema. Nilianza mwangalizi wa nyumba nikamaliza mwangalizi wa nyumba, ila barua ya mwisho ilichapwa kwenye karatasi nzuri zaidi. Jina la Mwandishi nalo silirudii hapa. Liko mlangoni kwa herufi kubwa. Linalotosha kujua ni kwamba alizaliwa humu, akalala chumba cha juu kinachoelekea kichochoroni mpaka alipotimiza miaka kumi na miwili, kisha akapelekwa ng'ambo akawa mtu wa vitabu. Wageni wakiniuliza alikuwa akikaa wapi kuandika, niliwaonesha meza. Meza ile tuliinunua sokoni Darajani. Alichoandika humu ni hesabu za skuli tu, na kwa maelezo ya dada yake, alizikosea.

Dada yake ndiye Bi Zulekha. Ukoo ulipokubali nyumba ihifadhiwe na ifunguliwe kwa wageni, yeye alitoa sharti moja: chumba chake cha chini, kilicho chini hasa ya kile alicholala mdogo wake, hakichukuliwi na mtu mpaka yeye aondoke duniani. Wakakubali. Kwa hiyo tulikuwa na jumba la makumbusho lenye mwenyewe ndani yake, anayekaanga samaki wakati wageni wanapiga picha.

Siku yangu ya kwanza nilifika na khanga mpya, natoka kazi ya kutandika vitanda kwenye hoteli moja ya Mbweni. Nilidhani nimeajiriwa kupangusa vumbi. Nikakutana na Mzee Haji, fundi wa chokaa, mtu wa Tumbatu, mfupi, kucha zake nyeupe mpaka ndani ya nyama. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akanipa mchi wa kutwangia.

"Twende chumbani kwa Bi Zulekha," akasema. "Ukagonge dari."

Bi Zulekha alikuwa kitandani anachambua mchele. Aliponiona na mchi begani akacheka. "Haji, leo umeniletea mtwangaji? Kinu kiko wapi?"

"Kinu ni nyumba yako," Mzee Haji akamjibu.

Akanionesha. Dari za nyumba zetu hizi, kwa nyinyi mliozaliwa kwenye nyumba za matofali, ni boriti za mkoko zilizopangwa ubavu kwa ubavu, juu yake mawe, juu ya mawe chokaa nzito. Uzito wote huo unabebwa na vichwa vya boriti, na vichwa vimo ndani ya ukuta, jicho halivifikii. "Boriti huanza kuoza pale usipopaona," Mzee Haji alinambia. "Kwa hivyo usiitazame. Isikilize."

Nikagonga ya kwanza. Ikalia kavu, ka! Nikagonga ya pili, ka! Tukaenda hivyo mpaka ya mwisho, upande wa ukuta wa magharibi, na zote zikajibu. Mkono ulikuwa unauma.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Siogopi."

"Basi kazi hii huiwezi. Kesho uje umeshaogopa."

Akanihadithia akiwa amesimama palepale. Alipokuwa kijana, nyumba ya mtaa wa pili ilianguka mchana kweupe, hakuna mvua, hakuna upepo, watu wanakula wali. Yeye alikuwa mmoja wa waliochimbua mawe. Alisema walikuta sinia limekaa sawasawa, wali juu yake, na mikono imelizunguka. Bi Zulekha akaacha kuchambua mchele. Nami kesho yake nilikuja nimeshaogopa, na mpaka leo sijala chakula chini ya dari bila ya kuitupia jicho kwanza.

Alinifundisha mambo matatu. La kwanza mchi. La pili kioo: kila penye ufa unabandika kipande chembamba cha kioo, upande huu chokaa, upande huu chokaa. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinavunjika. "Mtu atakustahi," alikuwa akisema, "kioo hakimstahi mtu." La tatu ni daftari. Kila Jumamosi unapita na tochi, unaangalia vioo, unagonga boriti, unaandika. Hali ikiwa njema unaandika maneno mawili tu: hakuna mabadiliko. Alikuwa na mwandiko mbaya ajabu, lakini hakuwahi kuandika asichokiona.

Na alikuwa na adui mmoja, saruji. Ukimtajia saruji anatema mate. Chokaa inapumua, alisema. Maji yakiingia yanapata pa kutokea. Saruji inaziba. Maji yakishaingia nyuma yake yanatafuta njia nyingine, na njia yanayoiona ni vichwa vya boriti. Lakini chokaa ina taabu yake. Lazima ilowekwe shimoni miezi, iive, ndipo ipakwe, tena kidogo kidogo. Mtu mwenye haraka haiwezi.

Haraka ikaja. Nyumba ilikuwa karibu kufunguliwa rasmi, wageni wakubwa wameshaalikwa, ratiba imeshachapwa. Siku kumi kabla, bomba la maji ya mvua la jirani likapasuka, na usiku mmoja wa mvua ukatosha kulitoa lipu lote la ukuta wa magharibi kule juu, chumba cha Mwandishi. Asubuhi nikakuta mawe yako uchi na lipu liko sakafuni. Mzee Haji hakuwepo. Alikuwa Tumbatu, amefiwa na kaka yake. Chokaa ya shimoni ilikuwa haijaiva hata nusu.

Wapaka rangi walikuwapo. Mkubwa wao akautazama ukuta, akanitazama. "Bi Kazija, hii saruji siku mbili tu. Tunapaka chokaa nyeupe juu, hata mwenyewe hatajua."

Ningeweza kusema tungoje. Ningeweza kutundika mkeka au pazia pale, wageni wakubwa wangepita wasione. Nikasema, "Zibeni." Neno moja. Nilikuwa naogopa kuonekana nimeshindwa kazi mwaka wa kwanza.

Wageni walikuja, wakasifu. Mzee Haji akarudi wiki iliyofuata. Alipanda juu, akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale muda, mfano wa mtu anayemshika mtoto kipaji cha uso kujua kama ana homa. Kisha akakwaruza kwa ukucha.

"Nani kaziba?"

"Sijui, Mzee Haji. Labda hawa waliokuja kupaka rangi."

Aliniangalia. Nami nikaangalia dirishani, nikajidai nasikia mtu ananiita kichochoroni. "Naam!" nikaitika, na hapakuwa na mtu. Loo, nikikumbuka ile naam yangu mwili unanisisimka.

"Haya," akasema. Hakuniuliza tena mpaka anakufa.

Miezi miwili baadaye nilimkuta chumbani kwa Bi Zulekha anasimamisha mti. Mti mnene wa mkoko, kutoka sakafuni mpaka darini, hatua moja kutoka ukuta wa magharibi, karibu na mchago wa kitanda. Kwa juu alikuwa ameukaza kwa kabari mbili za mbao. Nikamwuliza wa nini.

"Wa kutundikia khanga," akasema, na akapigilia misumari minne. "Bi Zulekha kabati lake dogo."

Nikaona ni haki. Bi Zulekha alitundika khanga zake, na mti ukawa kitu cha chumbani kama kitanda na mtungi.

Sasa nicheke kidogo, maana mbele hakuna cha kuchekesha. Wageni walikuwa wakipita mlangoni kwa Bi Zulekha wanauliza, na huu mti ni nini? Kusema ni wa khanga niliona aibu. Mtu kapanda ndege mbili kuja kuona alikozaliwa mwandishi, umwoneshe kiango cha nguo? Siku moja nikasema ndipo alipokuwa akipimwa urefu, kila Idi. Wakaupenda! Basi nikachukua kisu nikachora mistari mitatu, mmoja chini, mmoja kati, mmoja juu. Watu wakawa wanawasimamisha watoto wao hapo wanawapiga picha. Bi Zulekha akanambia, "Kazija, mdogo wangu hakupata kupimwa. Mama alikuwa akiogopa kijicho." Lakini mistari hakuifuta.

Mzee Haji alifariki kwao Tumbatu. Nilikwenda maziko kwa mashua nikarudi nimelowa, na Jumamosi yake nikapita na mchi peke yangu. Nilianza kusikia kitu mwaka wa pili baada ya hapo. Boriti ya tatu kutoka dirishani, upande wa ukuta wa magharibi, haikulia ka. Ililia kama mtu anayejibu akiwa amejifunika shuka. Nikagonga tena. Nikajiambia ni masika, mti una unyevu, kiangazi itakauka. Kiangazi kikaja, na ya nne nayo ikaanza.

Kisha kioo kikavunjika. Kile cha juu, pembeni mwa dirisha, ukuta wenye saruji. Nilikuta kimekatika katikati safi, kama kimekatwa na fundi vioo. Nilikaa sakafuni nikakitazama. Jasho lilinitoka mpaka nikavua baibui.

Nilijua la kufanya. Kuandika, kupeleka daftari kwa wakubwa, waje wahandisi. Lakini wahandisi wangeufungua ukuta, na cha kwanza wangekuta saruji. Wangeuliza nani kaziba. Na mimi nshasema sijui, tena nimemwambia mtu aliyekwisha kufa, ambaye siwezi kumrudia nikamwambia nilikudanganya. Nyumba ingefungwa, Bi Zulekha angehamishwa kwa jamaa, na mie ningerudi kutandika vitanda na jina limeshaharibika. Nikabandua vipande. Nikabandika kioo kipya. Nikaandika: hakuna mabadiliko.

Nilifanya hivyo mara tatu kwa miaka ile. Daftari liko hapo, mtalisoma, na palipo na doa la wino pembeni ndipo nilipoongopa. Nilijiwekea alama, sijui kwa nini. Labda nilitaka mtu aje aulize.

Hofu yenyewe niwaelezeni ilivyokuwa. Watoto wa skuli wakija, nilikuwa nawapandisha watano watano na kuwaambia chumba kile ni cha heshima, hairukwi humo. Walimu walinisifu kwa adabu. Masika ikiingia nilikuwa nakuja kazini nimefunga, kwa sababu chakula hakipiti. Nikifika pembe ya kichochoro nasimama kwanza, nasikiliza kama kuna kelele za watu, halafu ndiyo naendelea. Siku nyumba ikiwa imesimama nasema alhamdulillahi, na papo hapo naichukia kwa kunifanyia hivyo. Mume wangu alifikiri nina shinikizo la damu, akaninunulia vitunguu thaumu.

Mwaka juzi habari zikaja kwamba Mwandishi amefariki ng'ambo na amezikwa hukohuko. Bi Zulekha hakulia mbele yetu. Aliniita chumbani.

"Shikamoo, Bi Zulekha. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu, tumeshapoa. Nataka kumsomea hitima. Wanaume watasoma msikitini, na sisi wanawake tutasoma juu, chumbani kwake. Pale alipokuwa akilala."

"Si bora ukumbini chini, Bi Zulekha? Ngazi zitawachosha wazee."

"Mimi ndiye mzee kuliko wote, na nitapanda. Chumba kina nini?"

Alinitazama sawasawa. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nikasema, "Hakina kitu."

"Basi vizuri. Na jengine. Masinia na madeste ya pilau yatakaa humu kwangu, na huu mti unabana njia. Sefu seremala anasema anaweza kuutoa kwa dakika kumi. Unasemaje, utoke?"

"Utoke," nikasema. Nilikuwa nafikiria watu juu ya sakafu, sikuwa nafikiria mti.

"Una hakika, Kazija?"

"Ni wa khanga tu, Bi Zulekha."

"Nakuuliza una hakika."

"Nnayo hakika." Nikaona uzee umeanza kumsumbua. Mti ule historia yake ilikuwa ya kwangu mwenyewe, niliitunga na kuichora kwa kisu; nani angejua kuliko mie kwamba hauna maana?

Asubuhi ya hitima Sefu alikuja na nyundo. Baada ya muda akaniita. "Bi Kazija, kabari hizi zimebana, utasema mtu kazishikilia kwa juu. Nagonga mpaka mkono unaniuma."

"Gonga tu."

Akagonga. Zikatoka. Alipoulaza mti kichochoroni nilisikia dari inatoa sauti ndogo, kama mtu mzima anapokaa kwenye kiti. Nikamwambia Sefu, umesikia? Akasema hakusikia. Bi Zulekha alikuwa mlangoni, bakora mkononi, na akaniuliza kwa mara ya tatu kama nina hakika. Nikamwambia, Bi wee, nnayo hakika, tuna kazi nyingi.

Wanawake walianza kuingia baada ya laasiri. Nilisimama chini ya ngazi nikiwapokea viatu na kuwahesabu, na kila mmoja aliyepanda nilimsikia magotini mwangu. Watu wa mtaani, jamaa waliotoka Jambiani, wazee wawili wa kubebwa. Thelathini. Arubaini. Nikaacha kuhesabu. Ubani ukawashwa, juzuu zikagawiwa, na sauti za kusoma zikateremka mpaka chini, kila mtu na aya yake, uvumi mmoja mzito.

Niliingia chumbani kwa Bi Zulekha kupanga sahani. Nilikuwa nimezifuta mwenyewe, nyeupe. Ya juu ilikuwa na vumbi. Nikaifuta. Nilipoirudisha ikawa na vumbi tena, na safari hii nililiona likishuka, jembamba, kama unga kwenye chekecheo, mahali palepale uliposimama mti.

Nikanyanyua uso. Boriti ya tatu na ya nne zilikuwa zimeinama. Kwenye ya tatu palikuwa na duara la rangi tofauti, ukubwa wa kichwa cha ule mti, na boriti yenyewe ndani ya duara ilikuwa imeminywa, imedidimia. Kiango cha khanga hakiminyi boriti. Nikaelewa. Mzee Haji hakupiga kabari mbili kwa ajili ya khanga. Alijua ukuta umezibwa na nini, alijua nani kaziba, na badala ya kunitia aibu aliweka mhimili. Na mimi asubuhi ile nilikuwa nimeutoa, halafu nikapandisha watu.

Nilishika kitanda. Nilichukua mchi kwa mazoea nikaugusisha boriti bila ya kugonga, na boriti ikabonyea kama mto wa sufi. Nikautupa.

Sijui nilipandaje. Mlangoni juu nilisimama na nikafanya nini? Nikaongopa. Nilisema kwa sauti ya tabasamu, "Mabibi, chakula kiko tayari, tushukeni."

"Chakula kabla ya dua?" mmoja akaguta. "Kazija, leo una nini?"

Nikasema kuna mgeni mkubwa anakuja, anataka kuona chumba. Wakanizomea kwa macho. Mama mmoja akanifanyia ishara ya kukaa, akanisogezea nafasi kabisa, karibu na dirisha. Bi Zulekha alikuwa huko mwisho, ameegemea ukuta wa magharibi wenyewe, juzuu mapajani. Alinyanyua macho, akangoja.

"Sakafu itaanguka," nikasema.

Sauti zikapungua moja moja.

"Ukuta ule nyuma ya Bi Zulekha una saruji. Mimi ndiye niliyesema uzibwe. Boriti zimeoza, na nilijua zimeoza, vioo vimevunjika mara tatu nikabadilisha. Mti uliotolewa asubuhi ndio uliokuwa umeishika sakafu hii. Nimeutoa mimi. Nawaomba msisimame kwa pamoja. Mungu ananiona, msisimame kwa pamoja."

Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani ni juzuu zile mikononi zilizowazuia. Bi Zulekha akafunga ya kwake, akaibusu. "Mmemsikia," akasema. "Mmoja mmoja. Pitieni ukuta wa ndani. Walio karibu na mlango waanze."

Wakaanza. Miguu mitupu, mikono ukutani, juzuu vifuani. Hamjapata kusikia ukimya wa wanawake arubaini na zaidi. Niliwasimamia mlangoni nikiwataja mmoja mmoja, wewe, sasa wewe, ngoja, sasa wewe. Wale wazee wawili walibebwa mikononi, na kila hatua ya wabebaji nilikuwa naiona sakafu ikipumua. Nikaiuma khanga yangu.

Akabaki Bi Zulekha. Magoti yake hayamwinui bila ya mtu. Nikamwendea.

"Wewe ni mnene, Kazija," akasema. "Usije."

"Nnakuja."

Nilitambaa kwa magoti. Katikati ya chumba sakafu ilishuka chini yangu, kidogo, upana wa vidole viwili labda, na ikasita. Nikasikia chini sahani zinavunjika. Nilimshika mikono. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na mikono yake ilikuwa ya moto, yangu barafu. Tukarudi nyuma tukisota, mie kinyumenyume, yeye akisoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Tulipofika kizingiti nikamvuta kwa nguvu zote tukaangukia ngazini.

Hatukuwa tumefika mlango wa nje. Haikuanguka nyumba, ilianguka sehemu ya ule ubavu wa magharibi: boriti tatu, mawe yake, chokaa yake. Ilishukia kitanda cha Bi Zulekha, masinia na pilau yote. Vumbi lilitoka mlangoni likatupaka sote weupe, wanawake wote barazani na kichochoroni, nyusi nyeupe, baibui nyeupe. Hakuumia mtu. Dua ilimaliziwa palepale kichochoroni, kwa kusimama, na mimi nashindwa kusema amin.

Yaliyofuata mnayajua: nyumba kufungwa, wahandisi, boriti mpya, chokaa iliyoiva miezi. Niliwapa wakubwa daftari na kuwaonesha madoa. Hawakunifukuza, walinipa barua kali na kuniacha nimalize muda wangu, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kugonga. Mti umerudishwa ulipokuwa, na mistari yangu mitatu ingali juu yake.

Lakini hayo siyo niliyotaka kuwaambieni. Siku ya tatu baada ya hitima nilikwenda Mbweni, alikohamishiwa Bi Zulekha kwa jamaa zake, nikamwombe radhi. Nilimkuta kibarazani anachambua mchele. Nikakaa chini, nikamwambia yote tangu ile zibeni yangu. Alinisikiliza akitupa mawe madogo pembeni.

"Haji alinambia siku alipouweka," akasema. "Alinambia, Bi Zulekha, mti huu mtu asiuguse. Ila Kazija. Kazija peke yake ndiye anayejua kilichomo ukutani. Siku Kazija atakaposema utoke, ujue ukuta umeshatengenezwa, toa."

"Ndiyo maana nilikuuliza mara tatu, mwanangu," akasema. "Nikaona mara tatu unasema una hakika. Basi nikapanda, nikaegemea ukuta, nikawaita watu wangu wote."

Mchi uko nyuma ya mlango wa jikoni. Daftari liko kwenye mtoto wa meza. Kioo kikivunjika, andikeni kimevunjika.